KUFUMUA MASHINE: KOMPYUTA YA GHALANI NA DISKETI KUMI NA MOJA

Katibu wa Kamati ya mkutano wetu aliponiandikia kuniomba makala ya historia, nadhani alitarajia niandike juu ya wakuu wa shule waliotangulia, au juu ya mwaka tulipochimba msingi wa bwalo. Hayo wamekwisha kuyaandika wengine, tena kwa ufasaha kunishinda. Naomba radhi kwenu, ndugu wahitimu wenzangu, na kwenu vijana mlioko madarasani sasa, kwani mimi nitaandika juu ya sanduku la mbao lililokaa katika ghala la shule kwa zaidi ya miaka 25, na juu ya vitu vilivyokuwamo.

Mtakumbuka kwamba mwaka jana Kamati iliazimia kuandaa orodha ya watu wote waliopata kusoma hapa. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa ofisi yangu iko karibu, hapo Vwawa, na kwa kuwa mtumishi wa serikali hudhaniwa siku zote kuwa hodari wa mafaili. Daftari za uandikishaji za miaka ya zamani nilizikuta salama. Za miaka ya karibuni pia zipo. Lakini za 1993 hadi 1997, yaani miaka yetu sisi, zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kilichosazwa na mchwa kilikuwa kimenyeshewa. Zilibaki orodha za waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne peke yake. Sasa, aliyefanya mtihani yumo. Je, aliyeondoka Kidato cha Pili kwa kukosa ada? Aliyehamia shule nyingine? Aliyefariki kabla ya kuuona mtihani? Kwa mujibu wa karatasi zilizosalia, hao hawakupata kuwa wanafunzi wa shule hii.

Ndipo mtunza ghala aliponionyesha sanduku. Ndani yake mlikuwa na kompyuta bapa, kubwa kidogo kuliko daftari la mahudhurio, draivu ya disketi yenye ukubwa wa kamusi, waya mmoja, na kopo la maziwa ya unga lenye disketi 11. Kila disketi ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu ya wino, kidato na mwaka, kwa mwandiko niliouтambua mara moja.

Waliosoma miaka yangu watamkumbuka yule mwalimu wa hesabu wa kujitolea, aliyetoka ng'ambo na kukaa nasi miaka minne. Shule haikuwa na umeme. Usiku aliketi katika chumba cha walimu, karabai mezani, akibofya alama zetu katika kimashine kilichotumia betri nne ndogo alizonunua Tunduma. Sisi tulijazana dirishani kutazama. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuwa jina sahihi la kitu kile ni ngamizi, nasi tukacheka kwa wiki nzima, maana tulidhani kina uhusiano na ngamia. Tangu hapo mwalimu wa hesabu akaitwa Bwana Ngamia, naye hakupata kujua kwa nini.

Mashine ile ilikuwa TRS-80 Model 100, iliyouzwa na kampuni ya Tandy ya Marekani kuanzia mwaka 1983 na kuundwa na Kyocera ya Japani. Uzito wake ni kilo 1.4 tu. Kioo chake kilionyesha mistari 8 ya herufi 40, na betri zake nne zilidumu kwa saa 20 hivi. Waandishi wa habari waliipenda mno, kwani waliweza kuandika popote na kupeleka habari zao kwa simu. Programu zake zilitengenezwa na Microsoft, na Bill Gates mwenyewe alishika sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Lakini kabla ya kueleza tuliyoyafanya na sanduku lile, yafaa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana hudhani kompyuta ilikuja nchini pamoja na simu ya mkononi.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza. Taifa lilikuwa changa, na lilitazamia kwamba mashine itarahisisha hesabu za serikali. Mambo hayakwenda hivyo. Hesabu zilivurugika, gharama zikapanda, na kila kilipoharibika kitu ilibidi kutegemea wataalamu kutoka nje. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Baadaye amri ile ililegezwa polepole, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa miongoni mwa mahali pa kwanza pa kufundishia fani hiyo.

Wapo wanaoicheka amri ya 1974. Mimi siicheki. Nchi maskini ilikuwa ikilipa fedha za kigeni kwa kitu kisichofanya kazi, na ilikuwa na haki ya kusema basi. Ila naona kuwa amri ile ilikamata mtuhumiwa asiyehusika. Mashine haikuwa na hatia. Ubovu ulikuwa kwamba hapakuwa na mtu hapa aliyeruhusiwa kuifungua, wala aliyejua kilichomo, na walioiuza hawakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote. Tulinunua kasha lililofungwa.

Na hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Fundi cherehani akiletewa koti la kigeni, akataka kujua lilivyokatwa, huwa hamwandikii barua aliyelishona. Hulifumua mshono kwa mshono, akavipanga vipande mezani, akavipima, kisha akashona lake. Katika ulimwengu wa kompyuta kazi hiyo ya kufumua ndiyo iliyoleta karibu kila kitu tunachotumia leo kwa bei ya kufikika, na historia yake haisimuliwi vya kutosha mashuleni.

Chukua mfano wa draivu za disketi. Disketi ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1971, pana inchi 8. Mwaka 1976 kampuni ya Shugart ikatoa draivu ndogo zaidi, ya disketi za inchi 5 na robo. Mwishoni mwa 1977 kijana Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliichukua draivu hiyo akaichunguza. Aliona kuwa sehemu kubwa ya vipande vya umeme vilivyobandikwa juu yake havina lazima. Kazi yao yaweza kufanywa na programu ndani ya kompyuta yenyewe. Akaagiza draivu zilizopunguzwa vipande, akaongeza chipu chache za kwake, na mapema mwaka 1978 ikaonyeshwa draivu iliyokuwa rahisi kutengeneza na yenye kubeba kilobaiti zaidi ya 113. Wala hakuvumbua disketi. Aliuliza tu kila kipande: wewe hapa unafanya nini?

Au chukua kompyuta za kubebwa. Mwaka 1981 ilitoka Osborne 1, iliyouzwa kwa dola 1,795, ikiwa na draivu mbili na kioo cha inchi 5. Iliitwa ya kubebwa, lakini ilikuwa na kilo 11 hivi, sawa na mtungo wa ndizi, na mwaka 1983 kampuni ikafilisika. Mwaka huohuo wa 1981, mwezi Agosti, IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, ambayo biashara zote zikaanza kuitamani. Vipande vyake vingi vilikuwa vya kununulika sokoni. Kitu kimoja hakikununulika: programu fupi iliyokaa ndani ya chipu, inayoiamsha mashine na kuiambia kioo kiko wapi na draivu iko wapi. Hiyo ilikuwa mali ya IBM, na IBM ilikuwa imeichapisha katika kitabu chake cha maelezo, mstari kwa mstari. Msomaji aweza kudhani kuwa kuichapisha ni ukarimu. Kumbe, ulikuwa mtego mzuri sana: yeyote aliyekisoma kitabu kile, kisha akaandika programu inayofanana, aliweza kushtakiwa kuwa amenakili.

Mwanzoni mwa 1982, huko Houston, watu watatu waliotoka kampuni ya Texas Instruments, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, walianzisha Compaq. Wao walijigawa makundi mawili. Kundi la kwanza liliisoma programu ya IBM na kuandika kwa maneno ya kawaida kila inachofanya: ukiipa hiki, inakurudishia kile. Kundi la pili lilikuwa la watu ambao hawajapata kuiona hata kwa jicho moja. Hao walipewa maelezo tu, wakaandika programu mpya tangu mwanzo. Kwa maelezo ya wenyewe, kazi hiyo iliwachukua waandishi 15 miezi kadhaa na kugharimu dola milioni 1. Compaq Portable ikatangazwa Novemba 1982: kompyuta ya kubebwa kama sanduku la safari, kilo 13 hivi, iliyoweza kutumia programu za IBM. Mwaka 1983 ziliuzwa 53,000, kwa dola milioni 111. Muda si mrefu kampuni nyingine zikafuata njia ileile, bei zikaanguka, na zile kompyuta za mezani zisizo na jina zilizoingia maofisini mwetu miaka ya 1990 zilikuwa wajukuu wa kazi ile.

Naomba wanafunzi walishike jambo hilo la makundi mawili, maana wengi huchanganya kufumua na kuiba. Anayenakili mtihani wa mwenzake hajui jibu limetoka wapi. Wale wa Compaq walilijua jibu na njia yake, na waliweza kuthibitisha mbele ya hakimu kuwa wameitembea wenyewe.

Sasa turudi ghalani. Draivu ya sanduku letu ilikuwa ile ya Tandy ya mwaka 1984, iliyoundwa na kampuni ya Brother ya Japani. Nayo pia yatumia betri nne ndogo, ndiyo maana mwalimu wetu aliweza kuwa nayo mahali pasipo na umeme. Disketi zake ni za inchi 3 na nusu, kama zile zilizotumika maofisini, lakini ukizitia katika kompyuta ya kawaida yenye draivu ya disketi, hupati kitu. Alama zimeandikwa kwa namna nyingine kabisa. Kila disketi imegawanywa katika miduara 40, kila mduara una vipande viwili, na kila kipande kina nafasi ya herufi 1,280. Zidisha, utapata 102,400. Kwa kipimo cha leo picha moja ya simu haiingii humo. Kwa majina ya wanafunzi na vijiji vyao, ni ghala kubwa.

Kwa hiyo hapakuwa na njia ya mkato. Ama draivu ile ile ifufuke, ama majina yapotee.

Nikaichukua Tunduma. Wenye kuujua mji huo hawatashangaa. Kituo cha forodha kiliungana na cha Nakonde mwaka 2019, malori yana foleni yake, na biashara ya kila namna inapita. Lakini kwangu mimi fahari ya Tunduma ni mafundi wake, wanaokaa kwenye vibanda vya mbao na kutengeneza vitu ambavyo waliovitengeneza wamekwisha kuviacha. Nilielekezwa kwa fundi mmoja wa redio, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Afisa, hii ina mkanda?"

Sikujua. Aliifungua. Ulikuwapo mkanda wa mpira, uliokuwa ukipokea mwendo wa mota na kuuzungusha ule mhimili unaoshika disketi. Lakini sasa ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Si kosa la mtengenezaji. Mpira wa miaka 30 na zaidi ndivyo unavyokuwa, na wapenzi wa mashine hizi duniani kote wamelikuta jambo lilelile. Fundi alikwangua lami kwa kijiti na kuosha magurudumu kwa spiriti. Alichukua uzi wa kushonea, akauzungusha pale mkanda ulipopita, akaukata, akaupima kwa rula. Ndani ya ndoo yake ya vipuri alikuwa na mikanda ya redio za kaseti chungu nzima. Aliyoichagua kwanza ilikuwa ya duara, ikateleza. Ya pili ilikuwa fupi, ikakaza, mota ikalalamika. Ilibidi nirudi wiki ya pili, naye akiwa amepata mkanda bapa kutoka katika deki ya video iliyokufa. Huo ukakubali.

Siku hiyo ya pili, tulipokuwa tukingoja spiriti ikauke kwenye kichwa cha kusomea, aliniambia, pasipo kuniangalia, kwamba sanduku lile analifahamu. "Nilianza pale '93," akasema. "Sikumaliza." Nilipomwambia kuwa tunaandaa orodha ya wahitimu, alijibu kuwa yeye si mhitimu, basi asiwekwe, tusije tukaonekana tunadanganya. Nilikuwa kidato kimoja nyuma yake. Nilijaribu kuikumbuka sura yake, sikuweza, na mpaka leo naona haya.

Baada ya mkanda, tulikuwa na kazi ya pili: kuzungumza na draivu. Model 100 yenyewe ilikuwa imekufa. Betri ndogo ya ndani, inayolinda kumbukumbu, ilikuwa imevuja na kula njia za shaba. Ilibidi kuiunganisha draivu na kompyuta ya siku hizi. Draivu hii haina akili ya kupeleka maneno yenyewe. Hungoja ujumbe mfupi kwa waya, wa kuomba orodha ya mafaili au kipande fulani, ndipo ijibu. Ujumbe mwingine ulielezwa na kitabu cha Tandy. Mwingine ulifumuliwa na watu wasio na faida yoyote ya fedha, na katika kulitafuta hilo nilikutana na habari iliyonifurahisha kuliko zote.

Kumbe, Brother ilikuwa pia na mashine za kufuma sweta, na baadhi yake, kama vile KH-930e, zilihifadhi mapambo ya kufuma katika disketi kwa draivu iliyo ndugu wa hii yetu. Miaka ilipopita draivu zikafa, na wenye mashine wakabaki na mapambo ya kiwandani tu. Mtu aitwaye Steve Conklin, katika Marekani, akachunguza namna mapambo yalivyopangwa ndani ya disketi, tarakimu kwa tarakimu. Watu wengine walikuwa wamekwisha kuandika programu inayoifanya kompyuta ijifanye draivu. Mwaka 2010, Becky Stern na Limor Fried wakaviunganisha: mashine ya kufuma ikauliza swali lake kwa waya, kompyuta ikajibu kwa sauti ya draivu, na mashine isitambue tofauti. Tangu hapo ikawa mtu aweza kufuma pambo lolote alitakalo. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka akina mama wa Mbozi waliotufumia sweta za shule kwa mashine za mkono, baridi ya Juni ikituuma. Sijui wangesema nini kama wangeambiwa kuwa mashine ya sweta ndiyo iliyotuonyesha njia ya kufungua daftari la shule.

Waya tuliutengeneza kwa kufuata mchoro, fundi akichomelea, mimi nikisoma. Tulikosea mara mbili. Kabla ya kutia disketi hata moja, fundi alinilazimisha kufanya mambo matatu, nami nayaandika hapa kwa faida ya wenye disketi nyumbani. Kwanza, kila disketi ilisukumwa kile kidirisha cha pembeni cha kuzuia kuandikwa, ili tusije tukafuta kwa bahati mbaya. Pili, tulivuta kifuniko cha bati na kutazama kwa tochi. Disketi mbili zilikuwa na ukungu, na ukungu ukigusa kichwa cha kusomea, unachafua kila disketi itakayofuata. Tatu, tulianza na disketi isiyo na thamani kubwa kwetu, yenye ratiba ya vipindi ya 1996. Alisema daktari hafanyi mazoezi kwa mgonjwa mahututi.

Ratiba ilitoka. Nilipoona katika kioo "Alhamisi, Kidato II B, Siasa" na jina la mwalimu mwenye fimbo ndefu, nilikaa chini.

Disketi 8 zilisomeka zote. Mbili, zile zenye ukungu, zilisomeka nusunusu baada ya kusafishwa. Moja haikutoa kitu. Kwa bahati njema mwalimu wetu aliandika kwa herufi za kawaida tu, bila programu ngeni, hivyo maneno yalitoka kama alivyoyaacha: jina, kijiji, mwaka wa kuingia, na mwishoni mstari wa maoni yake, kwa Kiswahili alichokuwa bado anajifunza. Tumepata majina 61 ambayo hayamo katika orodha yoyote ya mtihani. Wanne kati yao walifariki wakiwa wanafunzi. Mmoja wao tulimzika sisi wenyewe, kule Ileje, tukitembea kwa miguu kutoka barabarani, na hata jina la baba yake tulikuwa tumelisahau.

Jina la fundi limo katika faili la Kidato cha Pili, 1995. Maoni ya mwalimu mbele yake ni haya: "Nyumbani, ada. Yeye ametengeneza redio yangu." Nilimsomea. Aliinama akaendelea kufunga skrubu za draivu, na baada ya kitambo akasema kwamba redio ile nayo ilikuwa imekatika mkanda.

Nilimuuliza tena kuhusu orodha. Safari hii alisema nifanye nionavyo.

Katika Kamati palikuwa na mjadala. Wapo walioshikilia kuwa mhitimu ni aliyehitimu, na kwamba tukifungua mlango huo hatutajua pa kuufunga. Hoja yao ina uzito. Neno lina maana yake. Lakini Katibu alikumbusha kuwa azimio letu lilisema "waliopata kusoma hapa", wala halikutaja cheti. Orodha imechapwa hivyo. Majina 61 yamo, kila moja na mwaka wake wa kuingia, na pale ambapo mwalimu aliandika sababu ya kuondoka tumeiacha isichapwe, kwani umaskini wa mzazi si habari ya gazeti. Mstari wa fundi nimeuandika hapa kwa idhini yake.

Kama mtumishi wa ofisi lazima niseme na jambo jingine. Tusidhani kuwa haya ni mambo ya shule maskini tu. Kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi mwaka 2011, na hata hivyo serikali ya Japani, nchi iliyotengeneza draivu yetu, ilikuwa na kanuni zaidi ya elfu moja zilizodai watu wapeleke taarifa kwa disketi na vyombo vya namna hiyo. Zilifutwa mwaka 2024. Sisi tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, nayo ni sheria nzuri, lakini mchwa na mvua havisomi sheria, wala mpira hauachi kuyeyuka. Ziko kabati katika maofisi, na si ya mkoa huu peke yake, zenye disketi za miaka ya 1990 zilizofungwa kwa mpira wa bahasha. Watu wanapita mbele yake kila siku. Mkoa wenyewe wa Songwe ulianzishwa 2016 tu, na mambo yetu mengi ya kabla ya hapo yaliandikwa tulipokuwa sehemu ya Mbeya.

Sanduku limerudi shuleni, safari hii katika maabara ya fizikia. Draivu inafanya kazi. Mafaili yote yamenakiliwa mara tatu, na yamechapwa na kujalidiwa; nakala moja iko kwa Mkuu wa Shule, na mtu yeyote aliyesoma hapa aweza kuomba kuiona. Mwalimu wa fizikia amekubali kwamba wanafunzi wa Kidato cha Tatu waifungue ile Model 100 iliyokufa, wachore njia zake za shaba, na kuona kama zile zilizoliwa zaweza kuunganishwa kwa waya. Fundi ameahidi kuja Jumamosi mbili kwa mwezi. Hataki malipo ila nauli.

Imebaki disketi ya 11, ile isiyotoa kitu. Kibandiko chake kinasomeka "Kidato I, 1997". Fundi anaamini kuwa si disketi iliyoharibika, bali kichwa cha draivu ya wakati ule kilikuwa kimehama kidogo, na kwamba tukikisogeza kwa unywele mmoja huenda ikasomeka. Hatujathubutu, kwa kuwa tukikosea twaweza kuipoteza draivu yenyewe. Kama yuko msomaji mwenye draivu ya aina hii, hata iliyokufa, tunaiomba kwa ajili ya majaribio. Na wale walioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1997, mkija katika mkutano, tafadhali njoni na majina ya wenzenu mnaowakumbuka, yameandikwa kwa kalamu.